Gango Lililovuliwa

Nyumbani kwao walimwita Dokta, naye kwa miaka kumi na mmoja hakuwahi kumsahihisha mtu. Alikuwa mpiga picha za eksirei hospitalini. Ni kazi ya heshima, tena inataka akili na mikono iliyotulia, lakini si udaktari, na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Mama yake akiumwa mgongo, anaulizwa Dokta. Jirani akipewa vidonge asivyovielewa, anavibeba kwenye mfuko kuja kumwonyesha Dokta. Na Dokta, badala ya kusema nenda kamuulize aliyekupa, anavishika, anavigeuza, anakunja uso, kisha anatoa hukumu. Kuulizwa kuna utamu wake. Ukizoea, unaanza kujibu hata usiyoyajua.

Aliyemwamini kuliko wote alikuwa dada yake mkubwa, fundi makochi. Msidhani ni fundi wa kubahatisha. Ukimpelekea kochi lililobonyea katikati, lenye springi zinazomchoma mgeni makalio, atalivua nguo yote mpaka libaki mbao tupu, atafunga mikanda upya, atapanga sponji, kisha atavuta kitambaa kwa kidole gumba na vidole viwili mpaka kinyooke kabisa, na kukipigilia pini kabla hakijalegea. Ule mvuto wa kidole gumba ndio ufundi wenyewe. Mengine yote, alikuwa akisema, hata shemeji yenu anaweza, na shemeji yenu hawezi kufunga kamba za viatu.

Siku aliyoanguka alikuwa anashusha kiti cha mteja ngazini. Alikosa ngazi moja, kiti kikaenda upande wake na yeye upande wake, akatua kwa kiganja cha mkono wa kulia. Kwenye zahanati ya jirani wakampiga picha, wakaiangalia, hawakuona kitu. Lakini muuguzi mmoja mzee akambonyeza kwenye kile kishimo kinachotokea chini ya kidole gumba ukikinyoosha, na fundi akaruka kutoka kitini. Basi muuguzi akamfunga gango, kile kibao cha kuutuliza mkono, mpaka kwenye gumba na kumwambia: usilivue hata kwa kuoga, urudi baada ya siku kumi tupige picha nyingine.

Siku kumi! Alikuwa na viti arobaini vya ukumbi wa kusubiria wa ofisi moja, ameshavivua nguo vyote, vimejaa karakana nzima. Akaiweka ile picha kwenye kioo cha dirisha, akaipiga kwa simu, akamtumia mdogo wake, kisha akampigia.

Ilikuwa saa ya chakula cha mchana. Dokta alikuwa na sahani mbele yake na wenzake wawili mezani. Akaitazama picha kwenye kioo cha simu huku anatafuna. Hakuacha kutafuna. Neno hilo mlishike, kwa sababu yeye mwenyewe lilikuja kumkaa kooni kwa miezi.

"Hamna kitu hapa, dada," alisema. "Umeteguka tu."

"Wamenifunga ligango hili, wanasema nirudi baada ya siku kumi."

"Hao wanapenda kurudisharudisha watu. Utapoteza siku bure. Livue hilo, mkono usije ukakakamaa. Fanya kazi zako."

"Kweli?"

"Dada, mimi naona mikono mia kwa wiki."

Alisikia pumzi ya dada yake ikishuka upande wa pili wa simu, na akafurahi. Alipenda sana kuwa mtu wa kuleta habari njema. Wenzake mezani walikuwa wakimsikiliza pia, na hilo nalo halikumpunguzia kitu.

Sasa, jambo lenyewe ni hili, na Dokta alilisoma chuoni akalijibu vizuri kwenye mtihani. Kwenye kifundo cha mkono, chini ya gumba, kuna kimfupa kidogo chenye umbo la korosho. Kikipata ufa, mara nyingi picha ya siku ya kwanza haionyeshi kitu. Ufa huonekana baada ya siku kumi au wiki mbili. Ndiyo maana mwenye maumivu kwenye kile kishimo hufungwa gango hata kama picha ni safi, na huambiwa arudi. Halafu kimfupa chenyewe kina maumbile ya ajabu: damu yake huingilia upande wa mbali na kurudi nyuma, kwa hiyo kikivunjika katikati, kipande cha ndani hubaki na njaa. Kikitulizwa mapema, huunga. Kikichezewa, kinaweza kufa kabisa. Yote haya Dokta aliyajua. Hakukosa elimu. Alikosa dakika mbili za kuweka kijiko chini na kumuuliza dada yake: unaumwa wapi hasa?

Fundi akalivua gango jioni ile ile. Akavuta kitambaa cha viti arobaini. Mume wake, aliyekuwa mtu wa maneno mengi na mwoga wa sindano, alimwambia mara tatu warudi zahanati, naye mara tatu akamjibu, "Dokta amesema." Wiki ya sita stepla ya kupigia pini ilimponyoka mkononi ikamwangukia mguuni, na alipojaribu kuiokota, gumba lilikataa kukutana na vidole vingine. Hapo ndipo alipokwenda hospitali kwa mdogo wake, ameukumbatia mkono kifuani.

Dokta alimpiga picha mwenyewe. Akamkalisha, akamwambia akunje ngumi, akaulaza mkono upande wa kidole cha mwisho ili ile korosho ijitokeze vizuri, akaenda nyuma ya kioo. Picha ikaja. Katikati ya kimfupa palikuwa na mstari mweusi, umekata upande hadi upande, na kingo zake zilishaanza kuwa butu. Mfupa ulikuwa umekata tamaa ya kuunga.

Na wazo la kwanza lililomjia, Mungu amsamehe, halikuwa juu ya mkono wa dada yake. Lilikuwa hili: nani anajua? Yale yalikuwa maneno ya simu. Hayakuandikwa popote.

Alipotoka, dada yake alimsoma usoni. "Umevunjika, siyo?"

"Una ufa. Haukuunga."

Fundi akatikisa kichwa taratibu. "Ni mimi. Wewe uliniambia nifanye kazi kidogo kidogo, mimi nikapitiliza. Viti arobaini! Samahani mdogo wangu, nimekuaibisha kazini kwako."

Kidogo kidogo. Dokta hakuwahi kulisema neno hilo. Dada wa watu alilitia yeye mwenyewe, kwa kumtakia mema, kama mtu anavyomfunga mwenzake kifungo cha shati bila hata kufikiri. Ilikuwa nafasi ya kusema: hapana dada, mimi nilikwambia livue. Maneno manne matano. Mdomo wa Dokta ukafunguka, na kilichotoka ni hiki:

"Ndiyo. Ulipaswa kupumzika."

Alimpeleka akafungwa gango jipya, akamwandikia miadi kwa bingwa wa upasuaji wa mikono wa hospitali hiyo hiyo, baada ya wiki tatu, akamsindikiza mpaka getini, akarudi kazini na kupiga picha za watu kumi na wanane bila kumtazama hata mmoja machoni.

Uongo ungekaa pale alipouweka, pengine angeweza kuuvumilia. Lakini haukukaa. Mama alipopata habari, alimwambia jirani, "Dokta alimwambia apumzike, hakusikia." Jirani akampa pole mgonjwa na kumwonya kuhusu ukaidi. Shemeji naye, mume wa fundi, kwa kuwa hadithi isiyo na ziada humkera, akayasahau yale "Dokta amesema" ya mara tatu, akaongeza kwamba Dokta alimsihi kabisa arudi zahanati, tena siku ya kumi, na mke wake akagoma. Kila hadithi ilipozunguka, Dokta alizidi kuwa na hekima na dada yake alizidi kuwa mjinga. Mama hakuisha kusema. Alisema akipika, alisema akifua. "Una mtaalamu tumboni mwa mama mmoja, unamdharau!" Na fundi anakaa na gango lake jipya, anajibu, "Kweli Mama, nilikosea."

Dokta akaanza kulipa kwa njia za pembeni. Alimpelekea matunda. Jumamosi alikwenda karakana kumsaidia, maana kulikuwa na kochi la watu watatu lililoahidiwa mteja, na fundi mwenyewe hawezi kuvuta. Fundi akakaa juu ya sponji, mkono ukiwa kwenye kombeo, akawa anaamrisha.

"Vuta. Siyo hivyo, unalibembeleza! Vuta kama unamtoa mlevi mlangoni."

Dokta akavuta, akapiga pini, akakipiga na kidole chake. Kitambaa kilikwenda mshazari, maua yakawa yanapanda mlima. Fundi akacheka mpaka machozi, kisha machozi yakaendelea kicheko kikiwa kimekwisha.

"Unajua kinachonitisha?" alisema, akijifuta kwa mkono wa kushoto. "Siyo mkono. Ni kichwa. Mume wangu anasema uliniambia nirudi zahanati. Mama anasema hivyo hivyo. Mimi sikumbuki. Nakumbuka kama uliniambia nisirudi. Nimeanza kuzeeka vibaya, eti?"

Dokta alikuwa amempa mgongo, stepla mkononi. Ilikuwa saa nne asubuhi, mlango wa karakana uko wazi, hakuna mteja, hakuna simu iliyolia, hakuna chochote duniani kilichomzuia.

"Hujazeeka," alisema. "Maumivu yanachanganya watu."

Usiku alijiambia kwamba hilo nalo ni kweli kitabibu.

Siku ya miadi walikwenda watatu: fundi, mume wake na Dokta katika koti lake jeupe. Bingwa alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya chini. Aliziweka picha mbili ubaoni, ya zahanati na ya wiki ya sita, akachukua kalamu na kumchorea fundi ile korosho mgongoni mwa bahasha. Akamweleza kwamba atapasua, atachukua chembe za mfupa nyongani azijaze kwenye ufa, na kuvishika vipande viwili kwa skrubu nyembamba. Halafu plasta ngumu ya kufungia mfupa kwa wiki nyingi, halafu mazoezi. Inaweza kuunga. Inaweza pia isiunge, na hapo kifundo kitaharibika polepole, aanze kufikiria kazi nyingine.

Fundi hakuwahi kufikiria kazi nyingine tangu ana miaka kumi na tisa.

"Hii picha ya kwanza," bingwa akaendelea, akiigonga kwa kalamu, "hata mimi ningesema ni safi. Hapa hakuna wa kulaumiwa."

Kwa nusu pumzi, Dokta alijisikia mwepesi. Amesamehewa na bingwa mwenyewe, bila hata kuomba.

"Ila kuna kitu sikielewi. Muuguzi ameandika hapa vizuri kabisa: gango lisivuliwe, arudi siku ya kumi. Angerudi, plasta tu ingetosha. Mama, kwa nini hukurudi?"

Shemeji akawahi. "Daktari, wewe acha tu. Huyu shemeji yangu hapa, mtaalamu wenu wenyewe, alimwambia arudi. Alimsihi. Mke wangu ana kichwa kigumu."

Bingwa akamtazama fundi juu ya miwani. "Ulikuwa na mtu wa kukuelekeza nyumbani kwako, mama. Wagonjwa wangu wengi hawana bahati hiyo."

Na fundi, mwanamke aliyekuwa akibeba kochi begani, akainamisha kichwa mbele ya wanaume watatu. "Ni kweli daktari. Sikusikia."

Dokta aliitazama shingo ya dada yake iliyoinama. Ile ndiyo haikumezeka.

"Si kweli," alisema. Sauti ilitoka nyembamba, akalazimika kuanza tena. "Mimi ndiye niliyemwambia avue. Alinipigia, nikamwambia hajavunjika, avue gango, asirudi, afanye kazi. Kidogo kidogo sikusema. Arudi sikusema. Hilo amelisema shemeji."

Bingwa akavua miwani, akaanza kuifuta.

Fundi aliinua kichwa polepole. Hakupiga kelele. "Kwa hiyo sikuota," alisema.

"Hukuota, dada."

"Nimekwenda kumuuliza mfamasia dawa za kumbukumbu. Unajua hilo? Kosa la mkono ningekusamehe hapo hapo, kabla hujamaliza kulisema. Wewe ni mtu, umekosea. Lakini nilikwambia karakana kwangu kwamba naogopa akili inaniondoka, na wewe ukanipa mgongo." Akamgeukia bingwa. "Daktari, naomba unieleze tena tangu mwanzo. Mara ya kwanza nilikuwa nasikiliza kama mkosaji."

Walipotoka nje alimwambia jambo moja tu: "Kamwambie Mama."

Jumapili Dokta akaenda. Alisema, kwa sentensi mbili, harakaharaka. Mama akamtazama kwa huruma, akamshika shavu. "Una moyo mzuri, mwanangu. Unajibebesha kosa la dada yako ili nisimseme." Dokta alibisha kidogo. Mama akamwongezea chai. Na Dokta, aliyedhani ameshatua mzigo, akajikuta anainywa ile chai.

"Nimemwambia," alimweleza dada yake wodini, siku mbili baada ya upasuaji.

"Akasemaje?"

"Hakuamini."

"Basi hujamwambia," alisema fundi, akageukia ukutani.

Miezi ikapita. Plasta ilikaa mpaka ikawa rangi ya sakafu. Ilipokatwa, mkono uliotokea ulikuwa mwembamba, wenye magamba, mgeni kabisa. Mtu wa mazoezi alimpa mpira wa kuminya. Fundi akauweka kando, akakata vipande vya sponji yake mwenyewe, laini, ya kati na ngumu, akawa anapanda daraja. Gumba liguse kidole cha shahada. Kesho liguse cha kati. Dokta alikwenda kila Jumamosi kufagia karakana na kubeba vilivyo vizito, na dada yake alimpokea kwa adabu, ile adabu wanayopewa wateja. Hakumtania. Hakumwita kwa jina lolote. Picha ya mwisho Dokta hakuipiga. Alimwomba mwenzake, akakaa kwenye benchi la nje pamoja na ndugu wa wagonjwa wengine. Mwenzake akatoka akiwa anatabasamu. Mfupa ulikuwa umeunga. Kifundo kisingekunjika chote kurudi nyuma, na nguvu isingekuwa ile ya zamani, lakini kitambaa angevuta.

Siku ile walikula mchana kwa Mama. Baada ya kula fundi akanyoosha mkono juu ya meza na, taratibu, akiuma meno, akalipeleka gumba mpaka likagusa kidole cha mwisho. Mama akapiga vigelegele.

"Tazama! Na ungemsikia mdogo wako tangu mwanzo, yote haya yangekukuta?"

Fundi hakumtazama mdogo wake. Alianza kukusanya sahani kwa mkono wa kushoto.

"Mama," alisema Dokta, "mimi ndiye niliyemwambia avue lile gango."

"Tumeshasikia hayo."

"Hujasikia. Kaa, Mama." Na yeye mwenyewe akasogeza kiti. "Nilikuwa nakula. Picha yake nimeiangalia kwenye simu, na chakula mdomoni. Sikuacha kutafuna. Sikumuuliza anaumwa wapi. Nilikuwa na wenzangu pale, nikataka wanione najua." Lililofuata lilikuwa baya zaidi, akalisema. "Halafu nilipoona ufa, mimi mwenyewe, kwa mashine yangu, nikajiuliza nani anajua. Hilo ndilo nililolifikiria kwanza. Nani anajua. Dada akaniomba samahani, nikaipokea. Nikakaa hapa kwenye meza hii nikakusikia unamsema, wiki tatu, na nikala chakula chako."

Safari hii Mama aliamini. Mtu anaweza kujisingizia kosa kwa kumpenda ndugu yake, lakini hajizulii aibu ya namna ile, na mama anamjua mtoto wake anavyotafuna.

Aliinuka. Alikuwa mzee, ilimchukua muda. Akaizunguka meza, akampita Dokta bila kumgusa, akaenda kukaa karibu na binti yake. Akazitoa zile sahani mikononi mwake na kuziweka chini.

"Nilikusema kwa majirani," alisema. "Nilikusema mpaka sokoni. Nisamehe, mwanangu."

"Mama, basi. Wewe hukujua."

"Nisamehe tu."

Na Dokta akakaa upande wake wa meza, akimsikiliza mama yake mzee akiomba msamaha ambao yeye, katika miezi yote ile, hakuwa ameuomba hata mara moja.